Mbuzi wa Nyaguthii

Kihara wa Gatitu alipokufa mwezi uliopita, simu yangu ilishinda ikilia mchana kutwa. Nilikuwa kwenye kundi la wafugaji wa mbuzi wa maziwa, watu wa Nyeri, Karatina, Kagio mpaka Kangari, ambao kwa kawaida hutumiana picha za kwato zilizooza na kuulizana dawa ya minyoo. Siku hiyo walitumiana mishumaa na maua. "Pumzika, baba wa mbuzi wa mlimani." "Mwalimu wetu ameenda." Kijana mmoja nisiyemjua aliandika maneno mengi akisema marehemu ndiye aliyewafundisha watu wa huku kuacha uwazi chini ya paa la zizi, na kwamba bila yeye vitoto vya mbuzi vingekuwa bado vinakufa kila Julai. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Nikaweka mwiko chini, nikaandika kwa kidole kimoja: "Huo ni uongo. Kihara hakujua hata majina ya mbuzi waliokuwa kwake. Aliyefundisha hayo ni mkewe, Nyaguthii. Mimi nilikuwepo." Ugali haujaanza kuungua, msimamizi wa kundi akajibu kwamba hapa hatusemi marehemu vibaya, kisha akaniondoa. Nakaribia miaka hamsini. Nimezika wazazi, nimelea watoto. Sikujua kwamba hasira ya msichana wa miaka ishirini na miwili inaweza kukaa mwilini muda wote huo, nzima, kama risasi ambayo daktari aliona heri asiiguse.

Basi nitasema hapa nililozuiwa kusema kule. Ulikuwa mwaka uliofuata mvua za El Niño, barabara za mlimani zikiwa bado zimebomoka na madaraja mengine yamefungwa kwa matawi. Nilikuwa nimeajiriwa kupiga chapa kwenye kituo cha wakulima pale Gatitu, nyumba ya mawe iliyokuwa zamani stoo ya mbegu. Ofisi yangu ilinuka mahindi yaliyotiwa dawa hata baada ya kupakwa rangi mara mbili. Kwenye meza ilikaa kompyuta moja waliyotoa wafadhili, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya manjano, kwa sababu meneja wetu, Bwana Gachanja, aliamini vumbi ndilo adui mkubwa wa elimu. Jumanne na Ijumaa niliruhusiwa kuunganisha ile kompyuta na laini ya simu. Ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza, ikalia tena, halafu barua zikaanza kuingia moja moja. Wafadhili walikuwa wametuandikisha katika jumuiya ya wakulima wa nchi nyingi. Ulituma barua kwa anwani moja tu, nayo ikawafikia wote, na kila aliyekuwa na neno alijibu na jibu lake likasomwa na wote. Leo mtoto wa darasa la tatu hashangai. Wakati huo Bwana Gachanja alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia maneno yanavyojitokeza, akasema polepole, "Hii kitu itatupeleka mbali." Sikumwuliza ni nani atakayepelekwa.

Nilikodi chumba kwa Kihara na Nyaguthii, nyumba ya mbao nyuma ya nyumba yao, ukuta mmoja ukipakana na zizi. Nyaguthii ndiye niliyemwita Mama Wahome, kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni. Alikuwa mwanamke mwenye sauti. Aliongea akikamua, akipepeta, akipanga foleni kwenye mashine ya kusaga unga. Aliongea na mbuzi wake kwa majina na kuwagombeza kama wakwe. Mbuzi wa kwanza aliletewa na dada yake wa Kagio, mbuzi mgonjwa ambaye mwenyewe alitaka tu mtu wa kumzika. Nyaguthii hakumzika. Kwa miaka kadhaa alizalisha, akajaribu, akapoteza, akabomoa zizi na kulijenga upya kwa mbao za sipresi, sakafu ikiwa imeinuliwa kutoka ardhini ili mikojo idondoke chini. Beberu alimtenga mbali, upande ambao upepo hautoki, kwa sababu maziwa hushika harufu yake, na ndiyo maana watu walikuwa wanakunja pua wakipewa maziwa ya mbuzi. Kihara alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha kahawa mpaka kiwanda kilipoyumba. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti zuri, aliyependa kusalimiwa. Akipita karibu na zizi alitoa leso. Lakini mtu yeyote wa Gatitu ukimwuliza mbuzi wale ni wa nani, angekujibu bila kufikiri: wa Kihara. Mbuzi ni mali ya mwanamume. Ndiye hulipa mahari kwa mbuzi, ndiye huchinja wazee wakija. Mwanamke ana kuku na maharagwe.

Jioni tulikula jikoni kwake, githeri ya mahindi na maharagwe kutoka chungu cheusi na parachichi lililokatwa kwa kisu cha kukatia majani, Kihara akiletewa yake sebuleni. Ni hapo, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umekaa Gatitu mpaka saa nne asubuhi kila siku, nilipomsimulia Nyaguthii barua niliyoisoma mchana. Ilitoka kwa mkulima wa milima ya Uhindi aliyeitwa Kamala. Alisema vitoto vya mbuzi wake vinakohoa na kufa msimu wa mvua za baridi, na ameziba zizi kila upande kwa majani na udongo, hakuna hata pa kupitisha kidole, na bado vinakufa. Nyaguthii aliacha kumenya njegere.

"Afungue juu," alisema.

"Wapi juu?"

"Chini ya paa. Mwambie azibe ukuta mpaka pale mbuzi inafika ikisimama, upepo isiipige. Hapo juu aache wazi. Wewe umewahi kuingia kwa zizi imefungwa asubuhi? Macho haitoki machozi? Hiyo ni hewa ya mikojo. Ndiyo inachoma mapafu ya hao watoto. Si baridi inaua. Mimi niliua saba nikifikiri ni baridi."

Ijumaa nikaandika maneno yake kwa Kiingereza nilivyoweza, na mwisho nikatia: Nyaguthii, Gatitu. Baada ya majuma machache Kamala akajibu. Alikuwa amefungua juu. Kati ya vitoto vilivyozaliwa tangu siku hiyo, alisema, hajapoteza hata kimoja, na majirani zake wameanza kubomoa kuta. Nilipomsomea Nyaguthii barua hiyo alikuwa amechuchumaa akikamua. Hakugeuka. Aliendelea kukamua mpaka mbuzi akakauka, kisha akasema, "Wamebomoa kuta?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka mpaka maziwa yakamwagika.

Kutoka siku hiyo mambo yakawa moto. Barua zilikuja zikimwuliza kwa jina. Mtu wa Bolivia alitaka kujua mbuzi wake wanavimba matumbo kwa nini. Nyaguthii akauliza kama anawapa majani mabichi yenye umande, akamwambia ayaanike kwanza yanyauke. Mtaalamu fulani alibisha kwamba harufu ya beberu haiingii kwenye maziwa, ni uchafu wa mkamuaji tu. "Mwambie aje anuse," alisema Nyaguthii, na nikaandika hivyo hivyo. Yeye aliita jumuiya ile baraza. "Leo baraza imesema nini?" aliniuliza kila jioni kabla sijavua viatu. Majibu mazuri niliyachapisha, na wanawake waliokuja kituoni kuuza mayai wakaanza kuniomba niwasomee. Wengine walitoka Karatina kwa miguu. Walikaa kwenye magunia ya mbolea, vikapu mapajani, na nikimaliza kusoma walianza kubishana wao kwa wao, huyu akisema kwake haiko hivyo, yule akisema jaribu majivu, na mara nyingine maneno yao pia niliyapeleka kwenye baraza. Sijaona darasa la namna ile tena, na nimehudhuria semina nyingi zenye chakula cha bure.

Wafadhili walikuwa wanasoma kila kitu. Mnamo Oktoba walimwandikia Bwana Gachanja kwamba wanakuja kumtembelea mkulima Nyaguthii, na kwamba watamleta Kamala mwenyewe. Nilifikiri ni sherehe. Nilikimbia nyumbani kumwambia, na Nyaguthii akashika kichwa, akaniuliza kama watu wa Uhindi wanakula mukimo.

Kamati ya kituo ilikutana chumba cha pili. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na sikuhitaji kutega sikio. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu aliyeitwa Ndirangu, ndiye aliyeanza.

"Sasa tutasimamisha mwanamke mbele ya wageni, aseme mbuzi ni zake?"

"Barua zimeandikwa jina lake," alisema Bwana Gachanja, na kwa haki ya Mungu nilimsikia akisita.

"Jina ni nini? Huko kwao wanajua Nyaguthii ni mwanamke ama ni mwanaume? Mbuzi ni ya nani?"

"Ya Kihara."

"Boma ni ya nani?"

"Ya Kihara."

"Basi. Kihara anaongea, mama anapika. Kila mtu na kazi yake. Ama mnataka tuchekwe mpaka Othaya?"

Wakacheka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko maneno yenyewe, kwamba hawakuwa na chuki yoyote. Hakuna aliyempinga Nyaguthii, hakuna aliyemtaja vibaya. Walimwondoa kwenye kazi yake jinsi mtu anavyosogeza kiti kilichowekwa mahali pasipo pake, kisha wakaagiza soda.

Jioni ile, nikiwa chumbani, nilimsikia Kihara akimweleza mkewe. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni mwa zizi, bila leso.

"Ni siku moja tu, Mama Wahome."

Nyaguthii aliendelea kukamua. Maziwa yakigonga ndoo.

"Mwenyekiti amesema. Mimi ningekataa ningesema nini?"

"Na wakikuuliza?"

"Nitajibu."

"Utajibu nini?"

"Kwani si nimekaa na wewe na hizi mbuzi miaka hii yote?"

Nyaguthii alicheka, kicheko kifupi cha puani. Halafu akasema, "Vaa viatu mbaya. Kuko na matope." Nilingoja apige kelele, yeye aliyepigia kelele hata mvua, na sikusikia kitu ila ndoo ikijaa.

Wageni walikuja na Landirova nyeupe. Alikuwepo Mzungu mrefu wa ofisi ya wafadhili, na Kamala, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi na viganja vilivyopasuka kama vya watu wetu. Kihara hakuvaa viatu vibaya. Alivaa vyeusi vya kanisani vinavyong'aa, akasimama getini na mwenyekiti, na Mzungu akamshika mkono akitamka, "Nyaguthii, Nyaguthii," akifurahi kwamba ameweza. Kamala alikuwa amebeba zawadi, shali nzito iliyofumwa kwa manyoya ya mbuzi wake mwenyewe. Alisema ni kwa ndugu yake Nyaguthii aliyemwokolea vitoto vyake. Kihara akainama, akavalishwa. Nyaguthii alikuwa hatua chache kutoka hapo, ameshika birika kubwa la kanisa, anamimina chai kwenye vikombe vya bati. Alitazama ile shali jinsi ilivyomkaa mumewe mabegani, na sura yake haikubadilika. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Bwana Gachanja alikuwa ameniambia asubuhi nitafsiri "kwa adabu", na sikuelewa maana yake mpaka pale.

Tukaenda zizini. Mbuzi walimwona Kihara wakakimbilia pembeni, wakarundikana. Kamala aliliona hilo. Mfugaji hawezi kukosa kuliona. Aliinua mkono akashika ubao wa juu, pale penye uwazi chini ya paa, akafumba macho kidogo upepo ukimpita vidoleni, kisha akamgeukia Kihara na kumwuliza, kupitia kwangu, alijuaje. Yeye mwenyewe alikuwa amefuga maisha yake yote na hakujua. Ni nini kilimfanya atambue kwamba ni hewa, si baridi?

Kihara alitazama juu. Naapa ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona ule uwazi.

"Mwambie mbuzi inataka joto," alisema. "Mwambie mimi kila usiku nafunga kabisa. Hapo juu ni... hiyo mbao ilikosekana. Tutafunga."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Wote wakanitazama wakingoja Kiingereza. Na mimi nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mtu huyu anasema anachojua, na anachojua ni hicho, lakini si yeye anayewaandikia. Nyaguthii ni yule pale mwenye birika.

Mzungu aliangalia buti zake. Kamala akaondoka penye zizi, akakatiza ua, akamwendea Nyaguthii, akasimama mbele yake akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Nyaguthii hakuweka birika chini. Alikuwa amelishika kwa mkono na kwa kitambaa, na juu ya bega la Kamala aliwaona wote: mumewe na shali, mwenyekiti, Bwana Gachanja, mimi. Akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwambie chai inapoa."

Mwenyekiti Ndirangu akacheka kwa nguvu. "Huyu msichana wetu anapenda mzaha sana," alisema kwa Kiingereza safi cha mwalimu. "Mama huyu ni mke wa Nyaguthii. Humsaidia." Na yule Mzungu, aliyesoma barua zile zote, aliyekuja na ndege kwa ajili yake, akachagua kuamini. Nilimwona akichagua. Ilikuwa rahisi zaidi, na chakula kilikuwa tayari. Wakaketi wakala. Kamala alikula kidogo sana, na kila alipoinua macho aliyapeleka jikoni.

Nilifukuzwa kabla mlio wa Landirova haujapotea. "Umetuaibisha mbele ya wageni," alisema Bwana Gachanja, akifunika kompyuta kwa kitambaa chake. Hilo halikuniumiza. Siku ya soko iliyofuata Kihara alikuja na pikapu ya mchinjaji wa mjini, akawatoa mbuzi wote, wale wa maziwa na wenye mimba, na beberu aliyetafutwa kwa miaka. Walipiga kelele wakiburutwa, wakigeuza vichwa kumtafuta mtu waliyemjua. Hakumpiga mkewe, hakumtukana. Alisema tu, huku akifunga kamba, "Si mmeambia watu kwa Kizungu ati hizi ni za mama? Basi tuone." Yule mtu mpole. Huyo ndiye wafugaji wa mlimani wanayemlilia leo kwa mishumaa.

Nilimkuta Nyaguthii jikoni. Alikuwa amewasha moto na hakuna alichobandika. Nilianza kusema pole, akanikata.

"Nani alikutuma?"

"Mama Wahome, nilisema ukweli."

"Ukweli ya nani? Wewe kesho unabeba mfuko yako unaenda. Mimi nalala wapi? Nakula nini? Hizo mbuzi nilikuwa nazilinda na mdomo kufungwa. Hiyo siku moja ingepita. Angevaa hiyo shali, achoke, arudi kwa stori zake, na mimi nibaki na mbuzi zangu."

"Walikuwa wanakuibia."

"Najua walikuwa wananiibia! Unafikiri mimi ni mjinga?" Alisimama. "Hao wazee hawakuniuliza. Na wewe pia hukuniuliza."

Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii, nikipika, nikinyonyesha, nikiwa nimelala na mtu pembeni. Alisema kweli. Na bado nikirudishwa pale zizini, Kihara akisema ule uwazi ni ubao uliokosekana, nitasema tena, kwa sauti ile ile. Sijutii. Nilichojifunza ni kwamba mambo haya mawili yanaweza kuishi pamoja bila kupatana, kama wake wenza. Lakini hasira yangu haikuwahi kumwelekea yeye. Ilielekea kwa wale waliotufikisha mahali ambapo mwanamke ilibidi achague kati ya mbuzi wake na jina lake, na kwa Mzungu wa buti, na kwa kituo kile, ambacho muda si mrefu kilipata kompyuta ya pili kwa sifa ya barua za Nyaguthii. Kihara akapewa cheti kwenye fremu. Akawa anaalikwa. Mtu akiitwa mwalimu mara nyingi hujifunza maneno machache, na Kihara aliyajifunza. Kufikia uzee wake aliweza kueleza habari ya hewa ya mikojo vizuri kabisa, akiwa na fimbo, mbele ya wanafunzi. Pengine aliamini ni yake.

Mwezi uliopita nilimpigia Nyaguthii kumwuliza kama atakwenda mazishini. "Nitaenda," alisema. "Ni baba ya mtoto yangu." Nikamwambia yaliyoandikwa kwenye simu. Akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Mwaka ule nilipofukuzwa sikuenda mbali. Nilipata kazi mjini Nyeri, duka la kupiga chapa na kutuma faksi ambalo mwenyewe alikuwa ameweka barua pepe. Nikajiandikisha kwenye baraza kwa jina langu. Barua bado zilikuwa zinakuja. "Nyaguthii, mbuzi wangu hali." "Nyaguthii, uko wapi?" Kutoka kituoni majibu yalitumwa kwa jina la Kihara: fungeni zizi, washeni moto ndani. Watu walibisha, kisha wakaacha kuuliza. Kamala aliandika kila juma, mstari mmoja, akiuliza kama yule mama wa birika yu mzima. Nyaguthii alikuwa ameondoka Gatitu na sanduku moja, ameenda kwa dada yake.

Nilimfuata Kagio karibu na Krismasi. Kule ni joto, ardhi nyeusi, mifereji ya maji inakatiza mashamba, na wanunuzi wa nyanya wanapiga kelele barabarani tangu alfajiri. Nilimkuta amesimama katikati ya nyanya, miguu mitupu, amekonda. Hakunikumbatia. Alinipa sahani ya wali na maharagwe, akakaa mbali nami kidogo, na nilipotoa barua za baraza na kuanza kumsomea habari za mbuzi akainua mkono.

"Mbuzi sina. Usinisomee."

Nikazikunja. Dada yake alipita na pampu ya dawa mgongoni, akinyunyiza, akilaani. Nyaguthii alichuma nyanya moja akaniwekea kiganjani. Juu ilikuwa nzuri, nyekundu. Nilipoigeuza, chini ilikuwa nyeusi, imebonyea kama ngozi iliyochomwa.

"Zinaoza matako," alisema. "Shamba yote. Dada yangu amepiga dawa mpaka pesa imeisha, na majirani pia. Mimi sijui nyanya, Muthoni. Sijui kitu." Aliitazama ile nyanya kwa hasira, na nikamtambua kidogo. "Hao watu wako wa baraza. Kuna mtu analima nyanya?"

Kwa muda wote ule alikuwa anajibu tu. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Niliandika mara tu niliporudi Nyeri, na safari hii nikamwuliza kabla ya kuondoka nitie jina gani. Alisema, "Tia langu. Na uandike ni mwanamke." Majibu yalikuja mengi kuliko nilivyowahi kuona, watu waliodhani amekufa. Wengi walisalimu tu. Wengine walitaja dawa. Jibu lililofaa lilitoka Ufilipino, kwa mwanamke aliyeitwa Luz, ambaye hatukuwahi kusikia habari zake. Alisema huo si ugonjwa, na dawa haitasaidia. Nyanya hukasirika ikishibishwa maji leo na kuachwa kesho mpaka ardhi ipasuke. Ipe maji kidogo, mara kwa mara, na funika shina kwa nyasi.

Nilirudi Kagio na karatasi hiyo. Nyaguthii alinifanya niisome mara tatu, akachukua jembe, akaenda kuuziba mfereji uliokuwa unafurisha shamba, huku dada yake akimfuata nyuma akimwita mwendawazimu. Waligombana hapo kwenye tope mpaka mchana. Nyaguthii alishinda. Matunda yaliyofungwa baada ya hapo yalitoka mazima, na watu wa mashamba ya jirani wakaanza kuja ukingoni, mikono kiunoni, wakichungulia nyasi zilizotandazwa. Nilikuwepo siku mzee mmoja alipomsifu kwa sauti, akasema huyu mama wa Nyeri amekuja na akili.

"Si yangu," alimjibu Nyaguthii bila kuinuka. "Ni ya mama mmoja anaitwa Luz. Sema Luz."

Mzee alicheka, akifikiri ni utani.

"Sema jina yake," alisema Nyaguthii, na sasa alikuwa amesimama, tope mpaka magotini, na ile sauti ya zamani imerudi yote. "Ukitaka kujua hii maneno, kwanza sema jina yake."

Mzee akatazama huku na huku, akaona hakuna wa kumsaidia. "Luzi," akasema. Nyaguthii akamwita aingie shambani, akaanza kumwonyesha.